MRI ya mifupa na viungo: maswali mnayotuuliza dirishani

Wengi hufika chumba cha picha wakiwa na karatasi ya daktari mkononi na maswali yaleyale, nasi huyajibu mbiombio kwa sababu kuna mwingine anasubiri kwenye benchi. Hapa tumeyajibu kwa nafasi. Tunazungumzia hasa viungo: goti, nyonga, bega, vifundo vya mkono na vya mguu. Uti wa mgongo tumeugusa kwa mbali tu, una mambo yake.

Mifupa si hupigwa eksirei? MRI ya nini tena?

Mara nyingi eksirei ndiyo ya kwanza, na ikitosha, imetosha. Mfupa uliokatika vipande viwili hauhitaji MRI. Tofauti ni kwamba eksirei huona madini yanayoufanya mfupa kuwa mgumu, na MRI, picha inayopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, huona maji na mafuta. Na mfupa si jiwe. Chini ya ganda lake kuna mfupa ulio kama sifongo, na ndani ya vitundu vya sifongo hilo kuna uboho, damu na mafuta. Maradhi mengi ya mfupa huanzia humo kwenye unyevu. Madini huja kuguswa baadaye. Vitabu vya radiolojia hukadiria kwamba sehemu ya mfupa hupoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla eksirei ya kawaida haijaonyesha tofauti. Ndiyo maana mtu huambiwa picha yake iko safi, naye usiku halali kwa maumivu.

Nimeangalia picha yangu: mifupa ni myeupe katikati na myeusi pembeni. Imeungua?

Haijaungua. Ule weusi ndio mfupa mgumu wenyewe, na ule weupe ni uboho wenye mafuta. Hapa ndipo watu wengi hushangaa: kipimo kinachosifiwa kwa kutambua maradhi ya mifupa mapema hakioni ganda la mfupa. Kinaona kivuli chake tu.

Sababu ni hii. Sumaku kubwa huzipanga protoni za haidrojeni zilizo kwenye maji na mafuta ya mwili, kisha mashine huzigutua kwa mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi wake. Ni redio kweli, si mfano: mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hufanya kazi kwenye megahezi 64 hivi, chini ya masafa ya FM yanayoanzia kama 88, na ya Tesla 3 hufika karibu 128, juu ya FM. Ndiyo maana kuta za chumba zimezungushiwa shaba na mlango sharti ufungwe. Bila hivyo mawimbi ya nje yangeingia kwenye picha yako kama mistari. Kwenye uboho mwangwi hudumu. Kwenye ganda gumu, ambako maji ni machache na yamebanwa na madini, mwangwi hufifia kabla hata ya milisekunde moja kuisha, na mashine huanza kusikiliza baada ya milisekunde kadhaa. Ni kama kufika msikitini imamu ameshatoa salamu.

Zipo mbinu mpya zinazosikiliza ndani ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na hizo huutoa mfupa mgumu ukiwa na mwanga wake, karibu kama CT, ile eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande. Lakini bado ni za vituo vichache. Kwa picha zilizozoeleka, weusi ulionyooka bila kukatika ndiyo habari njema. Weusi ukikatika mahali, au ukiliwa ukingoni, hapo msomaji wa picha husogea karibu na kioo.

Kwa nini mnapiga picha nyingi za goti moja?

Kila aina ya picha huuliza swali lake. Ya kwanza, inayoitwa T1, huonyesha mafuta yakiwa meupe. Uboho wa mtu mzima mwenye afya hung'aa, na ufa huonekana kama mstari mweusi uliopita katikati ya mwanga huo. Ya pili huyazima mafuta na kuyaacha maji yang'ae peke yake. Humo mfupa mzima hugeuka giza, na sehemu iliyoumia huwaka kama taa ya kandili. Ukiziweka mbili hizi ubavu kwa ubavu, umepata nusu ya jibu. Zinazobaki ni za gegedu (utando wa utelezi unaofunika ncha za mifupa), kano na pembe mbalimbali za kutazamia.

Msomaji ana kanuni moja rahisi anayoitumia kwenye T1: hulinganisha uboho na msuli ulio jirani. Uboho ukiwa mweusi kuliko msuli, kuna kitu kimeyafukuza mafuta, na lazima kitafutwe. Ila kanuni hii huteleza kwetu mara kwa mara. Mtu mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu, awe na sikoseli au hedhi nzito, uboho wake mwekundu hubaki au hurudi sehemu ambazo kwa kawaida zingekuwa na mafuta, kwa sababu mwili unatafuta viwanda zaidi vya damu. Picha yake huwa na mabaka ya kijivu yanayoweza kumtisha asiyeijua historia yake. Kwa hiyo tukikuuliza kuhusu damu wakati umekuja kwa ajili ya goti, usituone tumepotea njia.

Ripoti inasema kuna maji kwenye uboho. Yatolewe?

Hapana, hayatolewi kwa sindano. Si maji yaliyotuama kama ya kisima. Ni unyevu uliozidi ndani ya vitundu vya mfupa, na ni dalili tu. Mfupa uliogongwa huwa nao. Mwanajeshi au mkimbiaji aliyeuchosha mfupa kwa mazoezi huwa nao kabla ufa haujafunguka. Goti linalosagika, maambukizi, kifundo cha mgonjwa wa kisukari, hata uvimbe wa saratani, vyote vinaweza kuanza na taa hiyohiyo. Kinachotofautisha ni mahali taa ilipo, umbo lake, na kilicho katikati yake.

Mwaka 2001 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye magoti yaliyosagika, wale wenye mabaka ya namna hii kwenye mfupa walikuwa na maumivu zaidi kuliko wasio nayo. Lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu, haliwezi kuuma. Mfupa ulio chini yake unaweza.

Nimeambiwa "mafuta ya goti yameisha". MRI itaonyesha yamebaki kiasi gani?

Msemo huu umeenea mtaani, na hata baadhi yetu wahudumu tunautumia, lakini hakuna tangi la mafuta kwenye goti. Kuna ute kidogo unaolainisha, na goti linaloumwa aghalabu huwa na ute mwingi kupita kiasi, ndiyo maana huvimba. Kinachopungua ni gegedu, ile ngozi nyeupe ya utelezi inayofunika ncha za mifupa. Hilo eksirei hailioni. Hulikisia tu kwa kuangalia nafasi kati ya mifupa miwili. MRI hulionyesha lenyewe: lilipokonda, lilipochanika, lilipokwisha mfupa ukabaki wazi. Huonyesha pia meniskasi, vile vijisahani viwili vya kati, na vimiiba vya mfupa vinavyoota pembezoni.

Hata hivyo, mzee wa miaka 65 ambaye eksirei yake imeonyesha wazi kwamba goti limesagika hana haja ya MRI kwa kawaida. Haitabadili tiba. Fedha hiyo ni afadhali iende kwenye mazoezi ya misuli ya paja.

Basi MRI ikionyesha kasoro, ndiyo iliyosababisha maumivu yangu?

Si lazima, na hili tungependa lisomwe polepole.

Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, watafiti waliwapiga MRI ya goti watu 710 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 ambao eksirei zao hazikuonyesha kusagika kokote. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Asilimia 89 walikuwa na angalau kasoro moja kwenye MRI: asilimia 74 walikuwa na vimiiba, 69 gegedu lililoharibika, 52 mabaka kwenye uboho. Wasiokuwa na maumivu yoyote walikuwa karibu sawa na wenye maumivu. Kwa vyovyote ulivyoyapima maumivu, asilimia 86 hadi 88 ya magoti yasiyouma yalikuwa na kasoro. Katika mji huohuo, utafiti uliotangulia wa mwaka 2008 ulikuta kwamba asilimia 61 ya waliochanika meniskasi hawakuwa wameumwa wala kukakamaa goti kwa mwezi mzima uliopita.

Kwa hiyo mtu akiingia kwenye mashine bila swali, atatoka na orodha. MRI hujibu vizuri inapoulizwa vizuri: "amepiga teke akasikia mlio, goti linajifunga, je meniskasi imepinduka?" Karatasi iliyoandikwa tu "goti linauma" hutupa kazi ya kuokota kila kitu, na mgonjwa huondoka akidhani ana magonjwa saba. Mwombe daktari wako aandike anachokitafuta. Si utovu wa adabu.

Mwanangu ana sikoseli, sasa ameanza kuchechemea. Eksirei ya nyonga haina kitu. Tusubiri?

Msisubiri. Katika yote yaliyomo kwenye ukurasa huu, hapa ndipo MRI inapolipa gharama yake.

Kichwa cha fupa la paja, ile tufe inayozunguka ndani ya nyonga, hulishwa na mishipa midogo ya damu isiyo na njia nyingi za pembeni. Chembe za damu zilizopinda kama mundu zikiiziba, sehemu ya mfupa hukosa damu na kufa. Mwanzoni umbo halibadiliki: mfupa mfu bado una madini yake yote, na eksirei hupita juu yake kama kwamba hakuna kitu. Miezi inapita, sehemu ile hudhoofu, mstari kama hilali huonekana chini ya gegedu, kisha tufe hubonyea. Likishabonyea halirudi.

MRI huona kabla ya hapo. Alama yake inajulikana: sehemu iliyokufa imezungushiwa mpaka, na kwenye picha ya maji mpaka huo huonekana kama mistari miwili iliyofuatana, mmoja mweusi na mmoja mweupe, mahali ambapo mfupa hai unajaribu kuukarabati ule mfu. Msomaji hupima ukubwa wa sehemu hiyo na kama imekaa pale uzito unapoangukia, kwani haya mawili ndiyo yanayoashiria kama tufe litabonyea au la. Kabla ya kubonyea, daktari wa mifupa ana la kufanya: kupunguza uzito kwenye mguu, kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo la ndani. Baada ya hapo mazungumzo huwa ya nyonga ya bandia, na kwa kijana wa miaka 19 hayo ni mazungumzo magumu, maana nyonga ya bandia nayo huchakaa.

Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hivi wenye sikoseli kila mwaka, na sasa wengi wao wanakua hadi utu uzima, umri ambao nyonga huanza kusumbua. Mambo mawili kwa mzazi. Kwanza, hakikisha zimepigwa nyonga zote mbili hata kama inauma moja. Ugonjwa huu hupenda pande zote, na ile isiyouma ndiyo yenye nafasi ya kuokolewa. Pili, homa ikiwepo, sema. Mfupa uliokosa damu na mfupa wenye usaha vinaweza kufanana sana kwenye picha, hata kwa msomaji mzoefu, na vipimo vya damu au kuchukua majimaji kwa sindano ndivyo huamua.

Wasio na sikoseli nao hupatwa, hasa waliotumia dawa za steroidi kwa kiwango kikubwa na walevi wa muda mrefu.

Mama ana miaka 78, ameanguka bafuni, hawezi kukanyaga. Eksirei imesema hajavunjika.

Kwa umri huo, asiyeweza kukanyaga achukuliwe kuwa amevunjika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mifupa myembamba hupata ufa usiofunguka, na eksirei huupita. Mwongozo wa Uingereza tangu 2011 unasema wazi: nyonga ikishukiwa kuvunjika na eksirei ikawa safi, apigwe MRI, ikishindikana ndani ya saa 24, basi CT. Ufa huonekana saa chache tu baada ya kuanguka. Kumrudisha nyumbani akachuliwe kwa mafuta ndiko kunakofanya ufa mdogo uwe mpasuko mkubwa.

Hali hiyohiyo huwapata vijana kwenye kifundo cha mkono. Ameangukia kiganja, anaumwa kwenye shimo lililo chini ya kidole gumba, eksirei haioni kitu. Chini ya shimo hilo kuna kamfupa kadogo kenye damu chache, na kakivunjika kikaachwa hakaungi.

Kijana wetu amechaguliwa timu ya chini ya miaka 17, anaambiwa apigwe MRI ya mkono. Hajaumia. Inahusiana nini na mpira?

Inahusiana na umri, na ni matumizi ya MRI ya mfupa ambayo mashabiki wa Afrika wanayajua kuliko mengine yote. Mtoto anayekua ana sahani ya gegedu karibu na ncha ya kila mfupa mrefu, ndiko urefu unakotokea. Kwenye mfupa wa mkono upande wa kidole gumba, juu tu ya kifundo, sahani hiyo hufunga kwa wavulana wengi mwishoni mwa ujana. FIFA ilitaka njia ya kupima isiyowapa watoto wenye afya mionzi ya eksirei, ikachagua MRI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima vijana 496 wa miaka 14 hadi 19 kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, ukaweka hatua 6, ya sita ikiwa sahani imefunga kabisa. Wa miaka 16 waliofikia hatua ya sita hawakufika asilimia 1. Kipimo kikaanza rasmi kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Januari 2023 shirikisho la Cameroon liliwaondoa wachezaji 21 kati ya 30 wa kikosi chake cha vijana baada ya kipimo hiki.

Tahadhari zake ni mbili. Picha haisomi tarehe ya kuzaliwa. Husema tu kama mfupa umefunga. Kijana wa miaka 18 ambaye haujafunga atapita, na mara chache sana wa miaka 16 aliyewahi kukomaa atazuiwa ingawa ana haki ya kucheza. Na wasichana mifupa yao hufunga mapema zaidi, kwa hiyo usichukue kipimo cha wavulana ukawahukumu nacho.

Naamka asubuhi kiuno kimekakamaa, nikitembea kinaachia. Nina miaka 27.

Mwambie daktari maneno hayohayo, hasa hilo la kuachia ukitembea. Maumivu ya kawaida ya kiuno hupoa kwa kupumzika, ya uvimbe wa viungo hupoa kwa kujongea. MRI ya maungio ya nyuma ya nyonga inaweza kuonyesha taa kwenye mfupa miaka kadhaa kabla eksirei haijaona chochote, na tangu 2009 imo kwenye vigezo vya kimataifa vya kuuainisha ugonjwa huu. Baridi yabisi ya vidole nayo ni hivyo: vishimo vinavyolika ukingoni mwa mfupa huonekana mapema kwenye MRI. Jongo hapana, huko kuchota ute wa kiungo na kuutazama kwa hadubini ndiyo njia.

Je, MRI inapima udhaifu wa mifupa ya uzeeni?

Kwa matumizi ya kila siku, hapana. Kipimo chake ni DXA, kinachotumia eksirei hafifu kupima wingi wa madini. Hutoa alama inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya, na -2.5 au chini yake ndiyo mpaka wa udhaifu uliowekwa na Shirika la Afya Duniani.

Lakini swali ni zuri, kwa sababu uimara wa mfupa hautokani na wingi wa madini peke yake. Nyumba mbili zinaweza kuwa na boriti za uzito uleule, moja zimefungamanishwa vizuri na nyingine zimelegea. Vijiti vya sifongo la mfupa vina unene wa milimita 0.1 hadi 0.2. Picha ya kawaida ya goti hukatwa vipande vya milimita 3 hivi. Huwezi kuhesabu vijiti hivyo hapo. Vyote vinachanganyika kuwa ukungu mmoja. Watafiti hutumia mashine za Tesla 3 na 7 na koili maalumu (antena za kupokea mwangwi) kwenye kifundo cha mkono au goti ili kuukaribia udogo huo, wakiuona uboho mweupe na vijiti kama nyavu nyeusi ndani yake. Mashine ya Tesla 7 iliruhusiwa kwa wagonjwa nchini Marekani mwaka 2017, kwa kichwa na viungo vya mikono na miguu. Kwa mgonjwa wa kawaida bado ni habari za maabara.

Uvimbe umetokea juu ya goti la mtoto, unakua. MRI kwanza?

Eksirei kwanza, leo au kesho. Saratani ya mfupa ya vijana hupenda jirani ya goti, na eksirei ndiyo inayoitambua tabia yake. MRI hufuata haraka, ya mfupa mzima tangu kiungo hadi kiungo, kabla ya kukata nyama ya kupima. Akikatwa kwanza, damu na uvimbe wa jeraha huvuruga mpaka ambao daktari wa upasuaji anauhitaji.

Nina chuma mguuni tangu ajali ya bodaboda. Naweza kuingia?

Mara nyingi ndiyo. Sahani na skrubu za mifupa zilizo nyingi ni za titani au chuma cha pua kisichovutwa na sumaku, na zimeshikwa na mfupa. Tatizo lake ni kivuli: huacha doa jeusi lililopinda kwenye picha, na kama tunataka kuona hapohapo, CT inaweza kuwa bora. Vyuma vya nje, vile vinavyotokeza ngozini, lazima tujue aina yake kwanza.

Yanayotutia wasiwasi kweli ni haya: kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kibanio kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, na vipande vya risasi. Fundi wa kuchomelea, tuambie kazi yako hata kama umeshaiacha; chembe ya chuma iliyowahi kuingia jichoni inaweza kusogea, nasi tutakupiga eksirei ya macho kabla. Kitanzi cha shaba cha uzazi wa mpango hakivutwi.

Tunaomba pia uvue vitu ambavyo watu huona haya kuvitaja: hirizi iliyofungwa kwa bati, shanga za kiunoni zenye waya, vibanio ndani ya nywele za kusuka. Kuna chumba cha kubadilishia na kuna mhudumu wa jinsia yako, omba. Hirizi utairudishiwa mlangoni.

Umeme ukikatika nikiwa ndani, sumaku inazima?

Picha inasimama, sumaku haizimi. Nyaya zake ziko kwenye heliamu ya nyuzi joto 269 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo mkondo huzunguka wenyewe bila kuhitaji nguvu ya nje. Kitanda huvutwa kwa mkono, unatoka. Lakini ndugu anayekimbilia ndani na mtungi wa oksijeni kwa kudhani mashine imezima anaweza kuua mtu. Sumaku hii ina nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya dunia inayogeuza dira.

Nitachomwa sindano ya dawa? Nimefunga.

Kwa majeraha ya goti, bega na nyonga nyingi, hakuna sindano, wala hakuna haja ya kukaa na njaa. Dawa yenye gadoliniamu hutumika tukishuku maambukizi, uvimbe, au utando wa kiungo uliowaka. Mwenye figo mbovu atutajie: tangu 2006 inajulikana kwamba baadhi ya dawa za zamani za aina hii zilisababisha ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimeshuka sana. Mjamzito asiyeitaja mimba yake anatunyima nafasi ya kuahirisha dawa hiyo.

Naogopa sehemu finyu.

Kwa goti au kifundo unaingia kwa miguu, kichwa mara nyingi kinabaki nje au mlangoni. Bega na nyonga unaingia zaidi. Kelele ni kubwa kama mtu anagonga bati juu ya paa, tutakupa vizuia sauti na kitufe cha kuita. Kiungo kimoja huchukua dakika 20 hadi 45. Tukikuambia usisogee dakika nne, tunamaanisha hata vidole. Mwaka 1977, mtu wa kwanza kupigwa picha ya mwili kwa njia hii alikaa karibu saa tano kwa picha moja ya kifua ambayo leo mwanafunzi angeikataa.

Nije na nini?

Picha zako za zamani, zote, hasa eksirei. Msomaji wa MRI asiyekuwa na eksirei mkononi anaweza kuuita mfupa ulioota kwenye msuli baada ya jeraha kuwa ni saratani, na eksirei ya shilingi chache ndiyo ingemwambia ukweli. Ukipewa CD, iweke mbali na jua la dashibodi na uende nayo kwa daktari pamoja na ripoti; wengi hubeba ripoti, CD huiacha nyumbani kabatini.